Protini za Saratani ya Kinywa na Lugha ya Kukadiria Mwendo wa Ugonjwa

Miaka michache iliyopita nililetewa karatasi mbili ili nikitazame Kiswahili chake. Zilikuwa za kusomewa wagonjwa wa saratani ya kinywa kabla ya kuingizwa katika uchunguzi mmoja, nazo zilieleza kwamba sehemu ya kipande cha nyama kitakachokatwa kinywani itapelekwa maabara ili protini fulani zitafutwe ndani yake. Sentensi ya tatu ilisema, "Protini hizi zitatabiri kama utapona au utakufa." Kwa upande wa sarufi sentensi ile haina kosa, nami nilikuwa karibu kuiacha ipite. Ndipo yule aliyezileta karatasi akanisimulia kwamba mama mmoja mtu mzima, alipokwisha kusomewa maneno hayo, aliuliza, "Ikiwa mtakwisha kutabiri, mnanikatia nini?" Akachukua mkoba wake akaenda zake. Siku ya tatu mwanawe alimrudisha, lakini karatasi alikataa kuitia kidole.

Nimelitafakari swali la mama yule mara nyingi, na naona kwamba alikuwa msomaji hodari kuliko mimi. Alilichukua neno kwa maana yake. Kosa lilikuwa letu tulioandika na kusahihisha, kwa kuwa tuliweka kinywani mwa protini ahadi ambayo protini haikuitoa. Nia ya makala haya ni kueleza protini hizo ni nini na husema nini hasa, kisha kuuliza ni maneno gani ya Kiswahili yawezayo kuyachukua yale zinayoyasema bila kuyazidisha. Mimi si tabibu, na msomaji asitafute hapa shauri la matibabu. Lakini mwanaisimu aliyeombwa kusahihisha karatasi ya namna hii hana budi kwanza kujua jambo linalosemwa.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kaa, yule mnyama wa pwani. Ndiyo maana ni jina la ugonjwa na pia la buruji ya nne katika elimu ya nyota. Kiarabu nacho kilikuwa kikifuata njia ya Wayunani, waliouita uvimbe huu kwa jina la kaa tangu zama za Hippokrates, na Kilatini kikafanya vivyo hivyo, ambako ndiko lilikotoka neno kansa tulilolipokea kwa mkono wa Waingereza. Hivyo msemaji wa Kiswahili asemaye saratani na yule asemaye kansa wote wawili wanamtaja kaa mmoja. Jina la nyumbani, donda ndugu, lilikusanya pamoja vidonda vingi vinavyokula mwili visipone, nalo lingali likisikika vijijini. Lakini halifai kwa elimu ya leo, kwani si kila donda ndugu ni saratani, wala si kila saratani huanza kwa donda.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon katika Ufaransa, lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2022 watu wapatao 390,000 ulimwenguni walipatikana na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 188,000 walikufa kwayo. Zaidi ya tisa katika kumi ya saratani hizo huanza katika seli bapa, yaani zile zinazotandikwa juu ya ngozi laini ya ndani ya kinywa. Visababishi vikuu ni tumbaku, pombe, na ule mchanganyiko ambao watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa: jani la tambuu, popoo, chokaa, na aghalabu tumbaku. Mchanganyiko huo ndio uliokuwa ukiitwa uraibu, neno ambalo leo vijana hulitumia kwa kila tabia isiyoachika. Shirika hilo la Lyon liliuhukumu uraibu wenye tumbaku kuwa chanzo cha saratani katika mwaka wa 1985, na katika mwaka wa 2004 likaongeza kwamba hata usio na tumbaku, na hata popoo peke yake, ni vivyo hivyo.

Kabla ya kuzifikia protini, yatupasa kuweka mpaka mmoja, maana wenye kuuvuka bila kujua huharibu hesabu yote. Kwa Kiswahili cha kila siku huambiwa saratani ya mdomo, ya kinywa au ya koo kana kwamba ni mamoja. Kwa matabibu si mamoja. Wanafonetiki wana bahati hapa, kwa sababu ramani yao ya ala za sauti ndiyo ramani inayotakiwa. Midomo kwa ndani, ufizi, ndani ya mashavu, kaakaa gumu, sakafu ya kinywa na theluthi mbili za mbele za ulimi ni kinywa. Kaakaa laini, kilimi, mafindofindo na shina la ulimi ni za koo. Sauti ya k katika neno koo hutamkwa karibu na mpaka huo. Saratani ya upande huu na ya upande ule zaweza kufanana sana chini ya hadubini, lakini aghalabu chanzo chake ni tofauti na mwendo wake ni tofauti, na protini ile ile moja yaweza kuwa na maana kubwa huku na isiwe na maana yoyote kule. Nitaurudia mpaka huu nikifika kwenye protini ya p16.

Sasa protini zenyewe. Seli huendeshwa kwa amri zilizoandikwa katika jeni zake, na protini ndizo watumishi wanaozitimiza amri hizo: nyingine hujenga, nyingine hubeba habari, nyingine huzuia seli isigawanyike ovyo. Saratani ni kuharibika kwa utaratibu huo. Ili kuiona protini moja katika nyama, kipande kilichokatwa hutiwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba vya unene upatao elfu nne za milimita, kisha humwagiwa kingamwili iliyotengenezwa ili iishike protini hiyo tu na si nyingine. Kingamwili hiyo huunganishwa na kemikali iletayo rangi, na palipo na protini pakageuka kahawia. Halafu mtaalamu wa patholojia hutazama kwa hadubini, akakadiria ni seli ngapi katika mia zimeshika rangi, na kwa ukali gani. Mashine zipo za kusaidia, walakini hukumu bado ni ya jicho la mtu, na macho mawili huweza kutofautiana.

Protini iliyochunguzwa kuliko zote ni p53. Iligunduliwa katika mwaka wa 1979 na makundi kadhaa ya watafiti, na kwa miaka kumi ilidhaniwa kuwa ni mchochezi wa saratani. Katika mwaka wa 1989 ndipo ilipodhihirika kwamba ni mzuiaji, na kwamba iliyochochea ni ile iliyokwisha kuharibika. Hata jina lake lina kosa ndani yake. Herufi p ni ya protini, na 53 ni uzito uliosomwa maabarani, maelfu 53 ya kipimo kiitwacho daltoni. Baadaye ilitambulikana kwamba uzito wake wa kweli ni kiasi cha 43,700; muundo wake huifanya ichelewe katika kipimo, na mwenye kuchelewa huko huhesabiwa kuwa mzito. Jina halikubadilishwa. Sisi wa isimu hatuna haja ya kushangaa, kwani lugha zimejaa majina yaliyoanza kwa makosa na bado yanafanya kazi yake.

Jambo la kushangaza kweli ni namna p53 inavyosomeka. Katika seli nzima protini hii huvunjwa upesi mara inapotengenezwa, hivyo haionekani ila rangi hafifu hapa na pale. Jeni ikiharibika kwa namna ya kawaida, protini huwa haivunjiki, hurundikana, na kipande kizima hukolea kahawia. Lakini ziko namna nyingine za kuharibika ambazo hukata amri katikati, na hapo hakuna protini yoyote inayotoka. Kipande hubaki cheupe kabisa. Watafiti wa mwanzo walikihesabu cheupe hicho kuwa ni salama, wakawaweka pamoja wenye jeni nzima na wenye jeni iliyokatika, na matokeo yao yakagongana kwa miaka mingi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wangewaonya. Katika neno kasha hakuna kiambishi kinachosikika, ilhali katika makasha kimo; nasi hatusemi kwamba kasha halina ngeli, twasema lina mofimu kapa, na kwamba kutokuwapo huko ni alama kamili kama kuwapo. Cheupe cha p53 ni mofimu kapa. Ajuaye mfumo mzima huisoma. Asiyeujua huona karatasi tupu.

Katika mwaka wa 2007 ulichapwa Marekani uchunguzi wa wagonjwa 420 wa saratani za kichwa na shingo, ambao jeni ya p53 ilisomwa yenyewe badala ya kutegemea rangi. Zaidi ya nusu yao walikuwa na jeni iliyoharibika, na hatari ya kufa kwao ilikuwa kiasi cha mara 1.4 ya wenzao. Nawaomba wasomaji waishike hesabu hiyo. Si mara kumi, wala si mara tano. Ni mara moja na sehemu nne za kumi.

Nitataja kwa ufupi protini nyingine, kwa sababu ya jina lake. Ni Ki-67, ambayo huonekana katika seli iliyo katika shughuli ya kugawanyika na haionekani katika iliyopumzika. Kwa hiyo huonyesha kasi ya uvimbe. Mwandishi mmoja kijana aliniletea tasnifu iliyoandika viashiria hivi vya ki-67, akiidhani ki- kuwa kiambishi cha ngeli. Sivyo. Ki ni mji wa Kiel katika Ujerumani, ambako kingamwili yake ilitengenezwa na kutangazwa katika mwaka wa 1983, na 67 ni namba ya kishimo kimoja katika sahani ya maabara yenye vishimo 96. Kwa saratani ya kinywa chunguzi zake hazikubaliani.

Sasa p16, ambayo ndiyo mfano ulio bora wa mafanikio na wa hatari pia. Kazi yake ni breki: huizuia seli isianze kugawanyika. Katika saratani nyingi zitokanazo na tumbaku breki hii imeng'olewa, haionekani. Lakini katika saratani zitokanazo na virusi vya papiloma, ambavyo vitabu huviandika HPV, huonekana kinyume chake, p16 imejaa tele. Sababu ni kwamba virusi hivyo huharibu sehemu ile ambayo breki inapaswa kuishika. Seli hukanyaga breki kwa nguvu zaidi na zaidi, na gari linaendelea kwenda. Wingi wa p16 basi si dalili ya breki kufanya kazi. Ni nyayo za virusi. Kwa desturi ya sasa husemwa imeonekana ikiwa angalau seli 70 katika mia zimeshika rangi kwa ukali wa kutosha.

Katika saratani za koo jambo hili lina uzito mkubwa. Katika mwaka wa 2010 watafiti wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 323 wa saratani ya koo iliyokwisha kukua, waliotibiwa kwa mionzi na dawa ya cisplatin. Baada ya miaka 3 waliokuwa hai kati ya wenye virusi walikuwa 82.4 katika mia, na kati ya wasio na virusi 57.1. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa hata kitabu cha kimataifa cha kupanga hatua za saratani, katika toleo lake la nane lililoanza kutumika mwaka wa 2018, kikawatenga wagonjwa wa koo wenye p16 kuwa jamii yao peke yao.

Huku upande wa kinywa, p16 haina cheo hicho. Virusi vya papiloma ni chanzo cha sehemu ndogo tu ya saratani za kinywa, na p16 ikionekana katika ulimi wa mbele au shavuni yaweza kuwa imetokana na sababu nyingine kabisa. Madaktari hawashauriwi kuitumia huko kupimia mwendo wa ugonjwa. Naam, hapa ndipo tafsiri moja ya uzembe iwezapo kumdhuru mtu. Mfasiri akiandika saratani ya kinywa mahali palipotakiwa saratani ya koo, msomaji wa saratani ya ulimi ataambiwa kwamba ana habari njema, kumbe habari ile ni ya mtu mwingine.

Tuzitazame sasa tena hesabu zile za mwaka wa 2010, kwa kuwa ndani yake mna jibu la swali la mama yule. Katika kila wagonjwa 100 wa koo wasio na virusi, yaani wale wa kundi baya, 57 walikuwa hai baada ya miaka 3. Lau mtu angesimama mlangoni na kuwatabiria wote mia kwamba watakufa kabla ya muda huo, angekosea mara 57. Na lau angewaahidi wale mia wa kundi jema kwamba wote wataishi, angekosea mara 17 au 18. Kiashiria hiki ni miongoni mwa vilivyo bora kuliko vyote katika saratani za kichwa na shingo, na hivyo ndivyo kilivyo. Mistari ya kushuka ambayo watafiti huichora tangu Kaplan na Meier walipoitangaza njia yao mwaka wa 1958 ni mistari ya makundi. Mistari miwili ikitengana, twajua kwamba kundi moja limetangulia jingine. Mgonjwa mmoja hana mstari wake humo.

Kuna tofauti nyingine ambayo Kiswahili chetu hakijaipa majina. Protini yaweza kuonyesha mwendo wa ugonjwa, iwe matibabu ni haya au yale. Na yaweza kuonyesha kwamba dawa fulani itamfaa huyu kuliko yule. Hizi ni kazi mbili. Waingereza wana sifa mbili tofauti kwa ajili yake, ingawa wao wenyewe huzichanganya. Katika Kiswahili nimeona zote mbili zikiandikwa kwa neno moja, -a kutabiri. Mfano wa hasara ni protini iitwayo EGFR, ambayo hupokea habari za kuiamuru seli ikue, na ambayo huonekana kwa wingi katika sehemu kubwa ya saratani za kichwa na shingo. Ilitengenezwa dawa ya kuiziba, cetuximab, na katika mwaka wa 2006 ilionyeshwa kwamba dawa hiyo, ikiongezwa juu ya mionzi, hurefusha maisha. Kila mtu angetazamia kwamba mwenye EGFR nyingi zaidi ndiye atakayefaidika zaidi. Haikuwa hivyo, wingi wa protini hiyo haukuwatenga waliofaidika na wasiofaidika. Kwa upande mwingine PD-L1, protini ambayo uvimbe huitumia kuwatuliza askari wa mwili wasiushambulie, inatumika leo kuchagua dawa. Katika uchunguzi uliochapwa mwaka wa 2019, wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo zilizorudi au kuenea, na ambao alama yao ya PD-L1 ilikuwa 20 au zaidi, waligawanywa: nusu ya waliopewa pembrolizumab peke yake waliishi zaidi ya miezi 14.9, na nusu ya waliopewa cetuximab pamoja na dawa za zamani waliishi zaidi ya miezi 10.7. Miezi minne. Yeyote anayelidharau pato hilo hajakaa kitandani kwa mgonjwa.

Msomaji atauliza, je, kwa saratani ya kinywa yenyewe, iliyogunduliwa mapema na yenye kungojea kisu, ni protini gani daktari huitegemea kuukadiria mwendo wake? Kwa kweli, hakuna hata moja iliyopata kibali cha kutumiwa kila siku kwa kazi hiyo, ijapokuwa makala juu yake ni mengi mno. Sababu zajulikana. Wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wachache. Ulimi, shavu na ufizi vilichanganywa. Huyu aliweka mpaka wa rangi kwenye seli 10 katika mia na yule kwenye 50, na wengine waliutafuta mpaka uliowapa jibu zuri. Na ambao hawakupata kitu hawakuchapisha. Katika mwaka wa 2005 ilitolewa mikataba ya uandishi wa chunguzi za namna hii, iitwayo REMARK, ili kuzuia makosa hayo, nayo haifuatwi na wote. Daktari wa upasuaji angali akitegemea mambo ya kupima kwa rula: upana wa uvimbe, kina ulichozama, ambacho toleo lile la nane lilikiwekea mipaka ya milimita 5 na 10, kingo za kidonda zilizo safi au zisizo safi, na kama ugonjwa umefika kwenye tezi za limfu za shingoni na kuzipasua.

Hilo la tezi ndilo linalozifanya protini ziendelee kutafutwa. Tezi zaweza kuwa na ugonjwa usioonekana kwa jicho wala kwa picha. Je, shingo ikatwe kwa kila mtu, au ingojewe? Katika Mumbai, katika hospitali ya Tata Memorial, ambako saratani ya kinywa ni kazi ya kila siku, wagonjwa wa hatua za mwanzo waligawanywa kwa kura, na matokeo yakachapwa mwaka wa 2015: baada ya miaka 3 walikuwa hai 80.0 katika mia ya waliokatwa shingo tangu mwanzo, na 67.5 ya waliongojewa. Basi hukatwa. Lakini wengi katika wanaokatwa tezi zao huonekana kuwa hazina kitu, nao hubaki na bega lililodhoofika. Protini ambayo ingewatenga hao kwa hakika ingewaponya watu na kisu kisichohitajiwa. Mama yule aliyeondoka na mkoba wake aliombwa nyama yake kwa ajili ya tumaini la aina hiyo, na hakuna aliyemwambia.

Jambo la kumwambia mgonjwa lina historia katika ugonjwa huu. Sigmund Freud, mvutaji mkubwa wa sigara, alipatikana na saratani ya kinywa katika mwaka wa 1923. Daktari wake Felix Deutsch alimficha, akamwambia kwamba ni utando mweupe tu. Freud alipoujua ukweli alikasirika, na Deutsch hakuendelea kuwa daktari wake. Alipasuliwa zaidi ya mara thelathini, akaandika vitabu huku taya lake likishikiliwa na kipande cha bandia, akafa London mwaka wa 1939, baada ya miaka 16. Aliyefichwa aliudhika, na mama yetu aliyetabiriwa aliondoka. Kati ya kuficha na kutabiri lazima liwepo neno.

Kutabiri limetokana na neno la Kiarabu la kufasiri ndoto, na katika Biblia za Kiswahili ndiyo kazi ya manabii. Atabiriye huona kisichoonekana, na akionekana kukosea huitwa mwongo. Tumelizoea katika habari za mvua, kwa sababu mvua isiponyesha hakuna wa kuomboleza. Kubashiri ni baya zaidi, maana asili yake ni kuleta bishara, nayo bishara ni njema. Kumbashiria mtu kifo ni kumtolea mkono wa pongezi matangani. Kuagua kumekwisha kuchukuliwa na wapiga ramli. Mimi nachagua kukadiria. Najua kwamba mzizi wake ni wa kadari, na kwamba wako watakaosikia humo majaliwa ya Mungu. Lakini fundi hukadiria mbao, na karani hukadiria mapato, na kila mtu ajua kwamba kadirio hurekebishwa.

Kwa kitu chenyewe wengine husema dalili, nami nalikataa kwa kuwa dalili ni ya mgonjwa mwenyewe: homa, maumivu, kidonda. Protini hakuihisi wala hakuiona. Alama ni kovu, na ni maksi za shule. Kiashiria, kitokacho katika kuashiria, chatosha: kinanyosha kidole, hakisemi tumefika. Basi tuwe na viashiria vya mwendo wa ugonjwa na viashiria vya kufaa kwa dawa, na tusivichanganye. Chanya na hasi ningeziacha nje kabisa katika karatasi za wagonjwa. Kwa p16 ya koo kuonekana ni heri, kwa kipimo cha UKIMWI ni msiba, na msikilizaji hajui ni chanya gani anayopewa. Isemwe protini imeonekana, au haikuonekana. Na mahali pa ile namba ya katikati, ambayo wengi huiita wastani na wakawa wamekosa, isemwe kama nilivyosema juu ya PD-L1: nusu yao waliishi zaidi ya muda huu.

Yote hayo ni majina, na majina si shida kubwa. Shida ilikuwa katika kitenzi. "Utapona au utakufa" ina nafsi, na ina -ta- ya wakati ujao. Kiswahili kina chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mahali hapa, nacho ni hu-. Kiambishi hiki hakipokei nafsi: mimi huenda, wewe huenda, wao huenda. Husema desturi ya jamii, wala hakimfungi mtu yeyote. Tena kutoka humo lugha ilijifanyia neno la shaka, huenda, lenye maana ya labda. Protini husema kwa hu-. Sisi tuliifasiri kwa -ta-.

Sentensi ile ya tatu niliiandika upya hivi: "Wagonjwa ambao protini hizi huonekana katika nyama yao huwa na mwendo wa ugonjwa ulio tofauti kidogo na wa wengine. Twataka kujua tofauti hiyo ni ya kiasi gani. Haituambii habari zako wewe peke yako, na matibabu yako hayatabadilika kwa sababu yake." Karatasi zilinirudia mara mbili. Mara ya kwanza neno kidogo lilikuwa limefutwa, nikalirudisha. Mara ya pili mtu alikuwa amesahihisha huwa na kuandika watakuwa.